Mwanga Ufike Hadi Kona

Piga picha ya ukuta mweupe unaopata mwanga sawa pande zote. Tumia kamera ndogo yenye lenzi pana, ile inayomeza chumba kizima kwa picha moja, na tundu la lenzi liache wazi mpaka mwisho. Katikati ya picha ukuta utakuwa mweupe. Ukiyapeleka macho pembeni utaona weupe unapungua polepole, na kwenye kona nne utakuta kijivu, pengine kijivu kizito. Ukuta wenyewe haujabadilika. Kilichobadilika ni kiasi cha mwanga ambacho lenzi imeweza kukifikisha kule.

Wapiga picha wengi wa kwetu hukutana na jambo hili kwenye picha za pamoja. Familia ya bwana harusi imepangwa mistari mitatu, ukumbi ni mdogo, mpiga picha mgongo wake umegusa ukuta, basi anafunga lenzi pana ili wote waingie. Wote wanaingia. Lakini shangazi aliyesimama mwisho kabisa kushoto na mjomba wa mwisho kulia wanatoka weusi kuliko walivyo, huku maharusi katikati wakimeremeta. Simu na kamera za siku hizi hurekebisha tatizo hili zenyewe kabla picha haijaonekana, kiasi kwamba wengi hawajui kama lipo. Lipo, na nyuma yake kuna zaidi ya miaka mia moja ya kazi ya watu wenye subira, walioketi na penseli wakitafuta namna ya kuufikisha mwanga mahali ambapo kwa asili yake haufiki.

Nimekuwa nikiifuatilia kazi yao kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoielewa ndivyo heshima yangu kwao inavyoongezeka. Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba giza la kona haliondoki bure. Fundi anaweza kulipunguza, lakini kila akilipunguza kuna gharama inayozuka mahali pengine: kioo kinakuwa kizito, au picha inahitaji muda mrefu, au ncha zinapoteza ukali, au chenga, zile nukta ndogo zinazochafua picha, zinaongezeka. Ustadi wake uko katika kuamua gharama hiyo ilipwe wapi.

Tuanze na chanzo chenyewe, maana kina hesabu nzuri. Filamu ya kawaida ya milimita 35 hutoa picha yenye ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Kutoka katikati ya picha hiyo hadi kona ni milimita 21.6. Chukua lenzi ya milimita 28, upana uliopendwa sana kwenye kamera za mfukoni, na kwa urahisi uifikirie kuwa tundu dogo lililosimama milimita 28 mbele ya filamu. Mwali unaokwenda katikati husafiri milimita 28. Mwali unaokwenda kona hupita mshazari, na safari yake ni milimita 35.4. Nguvu ya mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo safari hiyo peke yake inaacha asilimia 63 tu.

Hapo bado. Anayelitazama tundu kutoka kona hulitazama kwa ubavu, na duara likitazamwa kwa ubavu huonekana limebanwa. Tundu lililobanwa hupitisha mwanga kidogo, hivyo kiasi kilichobaki kinapunguzwa tena hadi asilimia 79 yake. Kisha mwanga wenyewe unapotua kona hautui wima. Unatua kwa kulala, unatandazwa juu ya eneo kubwa kuliko ule wa katikati, na kwa hilo unapunguzwa tena hadi asilimia 79. Ukizidisha yote matatu unapata asilimia 39. Wapiga picha huhesabu mwanga kwa stopu, kila stopu ikiwa nusu ya iliyotangulia, na kwa hesabu yao kona imepoteza stopu moja na theluthi.

Wataalamu wa elimu ya mwanga huiita hiyo kanuni ya kosaini ya nne, kwa kuwa kosaini ya pembe ile ile ya mwali wa kona inaingia mara nne: mara mbili kwa umbali, mara moja kwa tundu lililobanwa, na mara moja kwa mwanga uliolala. Angalia kwamba hesabu hiyo haikutaja kosa lolote la kiwanda. Hata kisanduku cha mbao kisicho na lenzi, chenye tundu la sindano tu, kitatoa kona nyeusi kwa kanuni hiyo hiyo. Na upana ukizidi, hali huwa ngumu zaidi. Kwa lenzi ya milimita 50 kona hupata asilimia 71 ya mwanga wa katikati. Kwa milimita 35 ni asilimia 52. Kwa milimita 21 ni chini kidogo ya asilimia 24, na kwa milimita 15 ni kama asilimia 10 na nusu.

Juu ya giza hilo la asili kuna giza la pili, linalotokana na umbo la lenzi yenyewe. Hili unaweza kuliona kwa macho yako. Shika mkononi lenzi pana inayofunguliwa kutoka kwenye kamera, tundu lake liwe wazi mpaka mwisho, uielekeze dirishani na kuitazama kutokea nyuma. Ukiitazama wima utaona duara safi la mwanga. Sasa igeuze taratibu, kidogo kidogo, ukiangalia duara hilo. Litaanza kuliwa upande mmoja na ukingo wa kioo cha mbele, halafu upande wa pili na ukingo wa kioo cha nyuma, mpaka libaki umbo refu lenye ncha mbili, ambalo mafundi huliita jicho la paka. Umbo hilo ndilo mwanga wote ambao kona ya picha ingeupata. Sasa bila kuigeuza lenzi, punguza tundu: f/4, kisha f/5.6, kisha f/8. Utaona tundu dogo limerudi kuwa zima, liko katikati ya ile nafasi nyembamba na halikatwi tena na ukingo wowote.

Jaribio hilo la dakika chache linafundisha mengi. Linaeleza kwa nini kona za picha hung'aa ukipunguza tundu stopu mbili au tatu, na kwa nini hazing'ai zaidi ya hapo hata ukiendelea kulipunguza mpaka f/16. Giza la umbo linaondoka. Giza la kosaini linabaki. Anayejua tofauti hiyo hapotezi muda kulaumu lenzi kwa jambo ambalo ni la jiometria. (Kichujio kinene kilichofungwa mbele ya lenzi, au kikinga jua kisicho saizi yake, nacho hukata kona, lakini hilo ni kosa la mtumiaji na dawa yake ni kukivua.)

Mwaka 1900 kampuni ya C. P. Goerz ya Berlin ilitoa lenzi iitwayo Hypergon. Mbunifu wake alikuwa Emil von Höegh, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameibuni Dagor, mojawapo ya lenzi zilizoheshimiwa sana zama hizo. Hypergon ina vioo viwili tu. Ni vyembamba na vimepinda mno, kila kimoja kama hilali, vimewekwa vikielekeana na tundu likiwa kati yao, na kwa pamoja karibu vinaunda tufe. Inaona takribani nyuzi 135, upana unaoweza kuingiza uso mzima wa jengo refu kutokea ng'ambo ya barabara nyembamba, na mistari iliyonyooka inabaki imenyooka. Sasa ipigie hesabu ya kosaini. Kule ukingoni kabisa mwanga unaofika ni kama asilimia 2 ya ule wa katikati. Ni tofauti ya zaidi ya stopu tano, na hakuna bamba la picha la wakati ule ambalo lingeibeba.

Kwa vioo viwili tu, hapakuwa na njia ya kuusawazisha mwanga huo ndani ya lenzi. Basi wakauzuia nje. Mbele ya lenzi waliweka kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota, kimeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mpiga picha alibinya mpira wa hewa, hewa ikapita kwenye bomba na kuisukuma nyota, nyota ikazunguka. Miale ya nyota ni minene karibu na kitovu na myembamba nchani, kwa hiyo ilipozunguka ilizuia mwanga mwingi wa katikati na mwanga kidogo wa pembeni. Lakini kitovu cha nyota kilifunika katikati kabisa ya picha, hivyo sehemu kubwa ya muda ikishapita, mpiga picha aliiangusha nyota kando na kuiacha katikati nayo ipate fungu lake, kisha akafunga. Tundu lenyewe lilikuwa f/22, kwa hiyo muda wa picha ulikuwa mrefu wa kutosha kwa kazi zote hizo kufanywa kwa mkono.

Mimi huvutiwa sana na nyota ile. Fundi amekubali kwamba mwanga wa kona hauwezi kuongezwa, akaamua kupunguza wa katikati mpaka vilingane, na gharama akaipeleka kwenye muda. Wazo hilo halijafa. Kichujio cha katikati kinachofungwa leo mbele ya baadhi ya lenzi pana ni nyota ile ile isiyozunguka: kioo chenye kivuli katikati na kisicho na rangi pembeni. Hasselblad na Fujifilm walipotoa kamera ya XPan mwaka 1998, yenye picha ndefu ya milimita 24 kwa 65 kwenye filamu ya kawaida, lenzi yake ya milimita 30 iliuzwa pamoja na kichujio cha namna hiyo. Kwa kosaini peke yake, kona ya picha ile hupata asilimia 18 tu. Kichujio hula takribani stopu moja na nusu, na mwenye kamera analijua hilo kabla hajatoka nyumbani: atahitaji jua, filamu yenye kasi, au miguu mitatu.

Jibu lililofuata lilitafutwa ndani ya kioo. Huko Leningrad, Mikhail Rusinov aliunda lenzi ambazo mbele na nyuma zina hilali kubwa za kutawanya miali, migongo yake ikielekea nje, na vioo vya kukusanya vikiwa katikati. Mpangilio aliouwasilisha mwaka 1946 uliweka msingi wa lenzi pana za kizazi kizima. Siri yake iko pale kwenye jambo la pili la kosaini, tundu linalobanwa likitazamwa kwa ubavu. Kioo kikubwa cha mbele kinalipotosha umbo la tundu kwa makusudi: kadiri unavyolitazama kwa ubavu, ndivyo linavyoonekana kuvimba na kukugeukia. Kubanwa kule kunafidiwa, na kosaini moja kati ya nne inafutika. Kwa lenzi ya milimita 21 maana yake ni kwamba kona inapata asilimia 34 ya mwanga badala ya 24. Ni kama nusu stopu. Mtu wa pembeni anaweza kuuliza kama nusu stopu inastahili miaka ya kazi. Mpiga picha aliyewahi kujaribu kuokoa uso wa mtu kutoka kwenye kona nyeusi hawezi kuuliza hivyo.

Ludwig Bertele, Mjerumani aliyekwisha kupata sifa kwa lenzi za Ernostar na Sonnar, aliifikisha njia hiyo mbali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi na kampuni ya Wild ya Heerbrugg, Uswisi, akaibuni Aviogon ya kupigia picha angani, na kwa upande wa kampuni ya Zeiss ikatoka Biogon: ya milimita 21 kwa kamera za Contax, na ya milimita 38 kwa Hasselblad, ambayo mwaka 1954 walitengeneza kamera nzima kwa ajili yake. Ilibidi iwe kamera ya peke yake kwa sababu kioo cha nyuma cha Biogon kinaingia ndani kabisa, karibu kuigusa filamu, na hakiachi nafasi ya kile kioo cha kuakisi kinachopanda na kushuka kwenye kamera nyingine za Hasselblad. Gharama ya kona zilizong'aa ililipwa na mpiga picha: hakuweza tena kutazama kupitia lenzi, ilimbidi akadirie picha yake kwa dirisha dogo lililofungwa juu.

Tusisahau jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Kabla ya kompyuta, kila mwali ulifuatiliwa kwa hesabu za mkono. Fundi alichagua mwali mmoja, akahesabu unavyopinda ukiingia kioo cha kwanza, unavyopinda ukitoka, unapoangukia kwenye kioo cha pili, na kuendelea hivyo uso kwa uso mpaka kwenye filamu, akitumia majedwali ya logi na baadaye mashine za kuzungusha kwa mkono. Kisha mwali mwingine. Kisha alibadilisha mpindo wa uso mmoja kidogo sana, akaanza upya. Biogon ina vioo vinane. Katika kazi ya namna hiyo hakuna kubahatisha, maana kila jaribio linakula siku, na jaribio lisilo na wazo zuri nyuma yake ni siku zilizopotea.

Wakati huo huo Pierre Angénieux wa Ufaransa alikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1950 alitoa lenzi ya milimita 35 aliyoiita Retrofocus, kwa ajili ya kamera zenye kioo cha kuakisi ndani. Kamera hizo zinahitaji nafasi kubwa kati ya lenzi na filamu, basi Angénieux akaweka kioo kikubwa cha kutawanya mbele, na kundi la kukusanya nyuma yake. Miali iliyoingia kwa pembe kali ilitoka nyuma ikiwa imenyooka zaidi, hivyo ilitua kwenye filamu bila kulala sana. Kona zikapata nafuu. Gharama ikaenda kwenye ukubwa na uzito wa kioo cha mbele, na kwenye mistari iliyonyooka ambayo sasa ilielekea kupinda karibu na ukingo wa picha.

Baada ya yote hayo ndipo mtu anaweza kuithamini lenzi ya kamera ya mfukoni. Fundi wake amenyimwa karibu kila kimbilio. Hana nafasi ya kioo kikubwa cha mbele. Hawezi kuomba muda mrefu, kwa kuwa kamera ya mfukoni hushikwa kwa mkono, barabarani, watu wakitembea. Hawezi kufunga kichujio kinachokula stopu moja na nusu. Na kamera ikizimwa, lenzi yote lazima irudi ndani ya mwili mwembamba.

Mfano ninaoupenda ni Ricoh GR1 iliyotoka Japani mwaka 1996. Ni kamera ya filamu yenye unene chini ya sentimita 3 na uzito chini ya gramu 200, na lenzi yake ni ya milimita 28, f/2.8, yenye vioo saba katika makundi manne. Lenzi hiyo ilipendwa kiasi kwamba mwaka uliofuata Ricoh waliitoa peke yake, kwa idadi ndogo, ikiwa na skrubu ya kufunga kwenye kamera za namna ya Leica. Kwenye f/2.8 kona zake zinafifia, na kila anayeitumia analijua hilo. Lakini tazama zinavyofifia. Mwanga unashuka polepole kutoka katikati, bila mstari, bila mahali ambapo jicho linaweza kusema giza limeanzia hapa. Na ukiziangalia kona zenyewe kwa kioo cha kukuza, utakuta majani bado ni majani na matofali bado ni matofali.

Hapo kuna uamuzi wa kitaalamu ambao watu wengi hawaujui. Miali inayopita ukingoni mwa vioo kuelekea kona ndiyo mikaidi kuliko yote. Ndiyo inayokataa kukutana na wenzake mahali pamoja, na ikiruhusiwa kufika, taa ya barabarani iliyoko kona huota mkia, na matawi ya mti huwa ukungu. Fundi anaweza kuikaribisha yote, kona zikang'aa lakini zikafifia ukali. Au anaweza kuiacha ikatwe na kingo za vioo, kwa kipimo, mpaka ibaki ile inayotii. Mabingwa wengi wa lenzi ndogo huchagua kuikata. Maana yake ni kwamba giza unaloliona kwenye kona ya lenzi nzuri ya mfukoni, sehemu yake imewekwa kwa hiari, ili kile kidogo kinachofika kifike kikiwa safi. Ni kinyume cha tunavyodhani tunapoona kona nyeusi na kusema lenzi imeshindwa.

Daido Moriyama, mpiga picha wa Kijapani aliyetembea mitaa ya Tokyo kwa miongo mingi na kamera ndogo, alitumia kamera za ukoo huu wa GR. Picha zake ni za nyeusi na nyeupe zenye weusi mzito, na kona zinazofifia hazizidhuru; zinausukuma mtaa uje mbele. Anajua chombo chake kinafanya nini.

Kuja kwa kamera za dijitali kulileta gharama mpya. Filamu hupokea mwanga wa kulala bila taabu kubwa. Kihisi cha dijitali kina mamilioni ya vidoa vya kupokea mwanga, kila kimoja kikiwa chini kidogo ya uso, na mwanga unaoingia kwa kulala hugonga kuta kabla ya kufika chini. Lenzi ndogo pana zilizokuwa malkia wa zama za filamu, zile ambazo kioo chake cha nyuma kinaikaribia filamu, ghafla zikawa na kona nyeusi kuliko zilivyowahi kuwa, pengine na rangi ya ajabu juu yake. Leica walipotengeneza kamera yao ya dijitali ya M8 mwaka 2006 walilazimika kuweka juu ya kila kidoa kilenzi kidogo mno, na kuelekea pembeni mwa kihisi vilenzi hivyo vimesogezwa kidogo upande, kuelekea katikati, ili vipokee miali inapotokea. Pia waliweka alama sita kwenye shingo ya lenzi, nyeusi au nyeupe, ili kamera itambue ni lenzi ipi imefungwa na kurekebisha kona zake kwa hesabu.

Marekebisho ya hesabu ndiyo yaliyoenea leo, kuanzia simu hadi kamera kubwa. Ricoh GR III ya mwaka 2019, mjukuu wa GR1, inayo kwenye menyu yake, na unaweza kuyawasha au kuyazima. Yanafanya kazi vizuri. Lakini gharama haikutoweka, imehamia kwenye chenga. Kona iliyopata asilimia 39 ya mwanga ikiinuliwa ilingane na katikati, imezidishwa mara mbili na nusu, na chenga zake zimezidishwa pamoja nayo. Ukipiga picha ukumbini usiku kwa ISO 1600, kona ile sasa ina chenga za kama ISO 4000. Mchana huwezi kuona. Usiku, uso wa yule shangazi wa kushoto utakuambia.

Ziko kazi ambazo kona nyeusi hazivumiliki kabisa, na mojawapo ni upimaji wa ardhi. Ramani za mizani ya 1:50,000 za Kenya na Tanzania, zile ambazo wapimaji na wahifadhi wamezitumia kwa miongo kadhaa, zilichorwa kutokana na picha za angani; idara ya Uingereza ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa mwaka 1946 ilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ndege hupiga picha mfululizo, kwa kawaida kila moja ikipishana na inayofuata kwa asilimia 60, kisha mchoraji huzitazama mbili mbili ili aone vilima na mabonde. Bonde lililo katikati ya picha moja liko karibu na ukingo wa nyingine. Kama ukingo ni mweusi, bonde moja linakuwa na sura mbili, na picha zikiungwa pamoja nchi nzima inaonekana mabaka mabaka. Ndiyo sababu lenzi kama Aviogon zilibuniwa kwa ajili ya ramani kabla ya kitu kingine chochote, na hata hizo zilifungwa kichujio chenye kivuli katikati.

Kwa upande mwingine ziko picha zinazolihitaji giza hilo. Ansel Adams wa Marekani, aliyekuwa na lenzi bora na subira isiyo na mfano, akiwa kwenye chumba cha giza aliongeza mwanga kidogo kwenye kingo za karatasi ili ziwe nyeusi zaidi, kwa sababu weupe ulio karibu na ukingo hulivuta jicho litoke nje ya picha. Na huko huko Leningrad alikofanyia kazi Rusinov, kiwanda cha LOMO kilianza mwaka 1984 kutengeneza kwa wingi kamera ndogo ya LC-A yenye lenzi ya milimita 32, ambayo kona zake zilikuwa nyeusi bila kificho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Vienna waliipenda kwa sababu hiyo hiyo, na wakaieneza duniani. Mji mmoja umetoa mtu aliyehangaika kuokoa nusu stopu ya kona, na kamera iliyopendwa kwa sababu kona zake hazikuokolewa. Sioni ugomvi kati yao. Mpiga picha anayeweka giza mwenyewe na anayeliondoa wote wanajua kwamba kona ni sehemu ya picha. Asiyejua ni yule anayeacha programu imwamulie.

Ndiyo maana nawashauri vijana wanaoanza kazi hii wafanye lile jaribio la ukuta mweupe kwa kila lenzi wanayoinunua au kuiazima, marekebisho ya kamera yakiwa yamezimwa, kwa kila tundu kuanzia kubwa hadi f/8. Wazitunze picha hizo. Zitawaambia ni tundu lipi la kutumia kwa picha ya familia ukumbini, ambapo kila mtu ana haki ya kuonekana kama alivyo, na ni lipi la kutumia kwa picha ya mzee mmoja kibarazani, ambapo giza la pembeni linasaidia. Zitawaambia pia tabia ya fundi aliyeibuni lenzi ile: kama alichagua kung'arisha kona na kupoteza ukali, au kuzikata na kuuhifadhi, na kama mwanga wake unashuka kwa utaratibu au unaanguka ghafla.

Majina ya mafundi hao hayaandikwi kwenye lenzi. Linaloandikwa ni la kiwanda. Watu wachache wanamjua von Höegh, Rusinov au Bertele, na wale wa vioo saba vya kamera ya mfukoni, kama walikuwa saba au wawili, hawatajwi kabisa. Lakini uamuzi wao uko pale kila mara kidole kinapobonyeza kitufe. Anayetaka kununua lenzi pana huuliza kwanza kama kona zake ni nyeusi. Swali hilo lina jibu moja kwa lenzi zote, na jibu ni ndiyo. La kuuliza ni fundi amepewa nini badala ya giza lile, na kama ubadilishanaji wake unaifaa kazi uliyo nayo. Ukishajua kuuliza hivyo, hata lenzi ndogo ya bei nafuu utaiheshimu, na utaitumia vizuri zaidi kuliko anayemiliki ya gharama kubwa bila kujua aliyeitengeneza alikuwa anapigania nini.